Mduara Nyuma ya Goti

Ndugu zangu, nawasalimu nikiwa na pumzi, na kwa pumzi hiyo namshukuru Mungu kabla sijasema neno lingine. Jina langu ni Rispa. Ni mama wa watoto wawili, kwetu ni upande wa Kitale, na kazi yangu ni ya nyumbani hapa Riyadh. Akina dada wa ushirika wetu wameniomba niandike yaliyonipata, maana kila nikianza kuyasimulia kwa mdomo nusu nalia na nusu nasahau. Kuna mambo ya mwili humu ambayo kwa kawaida hayasemwi mbele za watu. Mnisamehe, ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa nguvu. Nyumbani ni mimi niliyekuwa nikipeleka maziwa kituoni kwa baiskeli ya baba, ile nyeusi nzito, madumu yamening'inia huku na huku. Nilijifunza nikiwa mfupi hata kiti sikifikii, kwa hiyo nilipitisha mguu chini ya mhimili na kukanyaga nikiwa nimejipinda upande mmoja. Waliokulia mashambani wanaujua mtindo huo.

Madam wangu ni mwalimu wa chuo, mtu wa haraka, anayecheka kwa sauti na kukasirika kwa sauti. Alijiunga na wanawake wenzake wanaoendesha baiskeli asubuhi kabla ya jua, akaleta baiskeli nyumbani, ikamshinda kwenye kona ya ua. Mimi nilikuwa naanika nguo. Kicheko kikanitoka.

"Unacheka nini, Risba?" Ndivyo wanavyonita. "Yalla, njoo wewe!"

Nikafunga dera kiunoni, nikapanda, nikauzunguka ua huku beseni la nguo nimelikumbatia kwa mkono mmoja. Layan, binti yake mdogo, alipiga makofi mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa mwalimu wa mwalimu, na madam akawa mwanafunzi mbishi kweli kweli.

Layan alikuwa na miaka sita. Aliyemlea kabla yangu ni Gladys, Mkenya mwenzetu kutoka Machakos. Sikuwahi kumwona. Nilirithi chumba chake, godoro lake na mtoto aliyembeba mgongoni. Dereva wa jirani ndiye aliyenieleza: Gladys alianza kukonda, akaacha kula, akapelekwa kliniki akapewa dawa za tumbo, na aliposhindwa kunyanyua ndoo akakatiwa tiketi. Alifika kwa mama yake akafa kabla ya mvua kunyesha. Hakuna aliyejua amekufa kwa nini. Mwanzoni Layan aliniita kwa jina lake, na mimi niliitika, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa.

Joto la Riyadh lilipopanda, familia ikapanga kwenda Ufaransa. Madam alikuwa amesikia kwamba huko mashambani kuna njia za baiskeli tupu, magari hayaruhusiwi, unaweza kutembea mji hadi mji bila kusikia honi. Bosi, mume wake, hakutaka habari za kukanyaga baiskeli. Alisema yeye ataendesha gari kwenye barabara kubwa na mizigo, tutakutana jioni kwenye nyumba za wageni. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua baiskeli. Nyuma ya yangu walifunga kigari kidogo cha magurudumu mawili, kina paa la turubai na kidirisha cha nyuma, na Layan akakaa humo na juisi yake.

Njia ile zamani ilikuwa reli. Waling'oa vyuma wakatandaza lami nyembamba, imenyooka, haina milima mikali. Pande zote miti. Tulipita mashamba ya alizeti na ng'ombe weupe waliosimama kwenye majani marefu wakitutazama. Mwanzoni nilifurahi hata nikaimba. Nilikuwa sijaona ng'ombe kwa miaka, na harufu ya samadi ilinitia machozi. Nilimwambia madam kwamba kwetu pia ni hivi, akasema, "Na ulipaacha?" Tukacheka.

Lakini ukimya wa kule uliniingia vibaya. Tulipita vijiji saa za mchana, madirisha yote yamefungwa kwa mbao, hakuna mtu, hakuna redio, hakuna hata mbwa. Stesheni za zamani bado zimesimama na saa zao ukutani, na hakuna anayesubiri chochote. Mahali pasipo na gari, sauti ndogo inakuwa kubwa: gurudumu langu lilikuwa likilia tik, tik, tik, nami nikawa nasikia kama kuna la pili nyuma yangu. Nikigeuka, ni njia tupu na majani yanayocheza.

Siku moja tuliingia kwenye handaki lililochimbwa kwa ajili ya treni. Ndani ni baridi na maji yanadondoka. Taa zake zinawaka zenyewe mtu anapopita, na zinazimika akishapita. Madam alikuwa mbele. Taa zake ziliwaka, zikazimika, zikawaka zangu. Kisha Layan, aliyekuwa amepiga magoti akitazama kwenye kidirisha cha nyuma, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Risba, kwa nini taa za nyuma haziwi giza?"

Nikageuka kidogo. Kweli, nyuma yetu palikuwa na mwanga unaotembea.

"Ni Gladys," akasema Layan. "Anakuja polepole."

Nilikanyaga mpaka mapaja yakawaka moto. Tulipotoka nje kwenye jua nilisimama nikatazama mdomo wa lile handaki. Hakutoka mtu. Madam alisema pengine ni taa mbovu, na pengine ni kweli. Mimi naandika nilichokiona.

Mchana huo tulipumzika kando ya malisho. Majani yalikuwa yanafika magotini. Layan hakutaka kukaa chini kwa sababu yalimchoma, basi nikakaa mimi, nikampakata, akala mkate wake juu yangu mpaka akasinzia. Jioni nikioga niliona kidoa cheusi nyuma ya goti langu la kushoto, kidogo kama mbegu ya sukuma. Nilidhani ni kigaga cha kidonda. Nikakibandua kwa ukucha, kikaenda na maji.

Hapo ndipo mtu wa kwetu anapokosea. Mimi nimekua kwenye ng'ombe. Kupe namjua: ni mnene, wa kijivu, analingana na haragwe, na dawa yake ni kupeleka mifugo kwenye josho. Kwetu kupe ni shida ya ng'ombe. Kidude kile kidogo hakikunipitia akilini kabisa kwamba ni kupe, na hata kama ningejua, ningesema basi, si nimeshamtoa.

Kutoka Ufaransa hatukurudi Riyadh. Tulishukia Jeddah, nyumbani kwa mama yake madam mtaa wa Al-Safa, tukae huko mpaka shule zifunguliwe. Yule bibi sote tulimwita Mama Kubwa. Alikuwa na mfanyakazi wake wa miaka mingi, Mwanaisha wa Mombasa, na tukawa tunalala chumba kimoja. Mwanaisha ndiye wa kwanza kuuona mduara. Nilikuwa navaa soksi.

"Shoga, hebu geuka. Una choa hapa."

Nilitazama kwa kioo. Nyuma ya goti palikuwa na mduara mwekundu, katikati pamepauka, pembeni pamekolea, ukubwa wa kisosi. Nikacheka kwamba nimetoka Ulaya na choa kama mtoto wa nasari. Nilikuwa na mafuta ya choa niliyotoka nayo Kenya, nikapaka asubuhi na jioni. Mduara ukaendelea kupanuka, ukafifia, ukaisha. Nikaisifu ile dawa.

Kisha mwili ukaanza kunigeuka. Kwanza ulikuwa uchovu, si ule wa kazi, huu ulikuwa wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Shingo ikakakamaa. Maumivu yalinishuka mabegani kama umeme, yakahamia magotini, yakahamia kwenye taya. Nilitetemeka kwa homa ndani ya joto la Jeddah, jasho likinitoka mpaka godoro likalowa. Madam alinipa panadol na kunipunguzia kazi. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya.

Asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki, maji yakawa yananitoka upande wa kulia wa mdomo. Nikajaribu kutema, yakanimwagikia kifuani. Nikatazama kioo. Upande mmoja wa uso wangu ulikuwa umelala. Shavu limeshuka, mdomo umevutwa, na jicho la kulia lilinitazama bila kupepesa. Nilijaribu kulifumba, halikufumba. Nilipiga kelele, na hata kelele ilitoka imepinda.

Mwanaisha alikuja mbio akasimama mlangoni. "Ya Allah! Umepigwa kofi."

"Na nani?"

"Nyamaza. Usilitaje."

Mama Kubwa naye aliposhika kidevu changu alisema lile lile, kwamba ni jini, limenizaba nilipokuwa njiani kwenye nchi za watu. Alinisomea Kurani, akanipa maji ya zamzam, akanisugua shavu kwa mafuta ya zeituni, taratibu, kama ningekuwa binti yake. Ushirika wetu wa Riyadh nao waliniombea kwa simu kwa Jina la Yesu, wakikemea kila roho iliyonifuata. Nilipokea yote. Mtu ambaye uji unamtoka mdomoni hachagui dua.

Tatizo ni kwamba niliwaamini. Niliamini nimefuatwa. Baada ya chakula cha mchana nyumba nzima ya Al-Safa hulala, mapazia yameshushwa, unasikia eisi tu, ile mashine ya baridi. Mwanaisha alilala. Mimi sikuweza, kwa sababu jicho langu la kulia halikufumba mpaka nilibandike plasta. Nilipochelewa kulibandika, nilimwona. Mwanamke amesimama kwenye kona karibu na kabati, amenipa mgongo, ana kitambaa kichwani kama tunavyofunga sisi. Hakufanya lolote. Na chini ya mlio wa eisi nilisikia lile gurudumu, tik, tik, tik, na sikujua linatoka chumbani au kifuani mwangu. Niliogopa sana. Sijui namna ya kuwaeleza woga ule. Nilijua ni Gladys na nilijua amekuja kunipeleka.

Madam alinipeleka kliniki. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu dada wengi mnajua mambo yalivyo. Unaingia na madam, unakaa, daktari anamwuliza madam. Alikuwa daktari mpole, lakini aliongea naye juu yangu kama fundi anayeulizia friji.

"Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Anaumwa kichwa?"

"Kichwa na shingo. Analala chini ya eisi."

"Ni hiyo eisi," akasema daktari. "Baridi imempiga mshipa wa uso."

Akaandika vidonge na dawa ya matone ya jicho. Mimi nilikuwa nimekaa pale na mapigo ya moyo yaliyoanza kuruka, na magoti yanayouma, na hakuna aliyenigeukia. Sikufungua mdomo. Mtu akikusemea kwa muda mrefu unasahau kwamba una lugha. Kwenye kliniki ya pili ikawa vile vile.

Nikaanza kuanguka. Mara ya kwanza ni chumba cha kufulia: giza likaja pembeni mwa macho, nikajikuta chini, shavu kwenye vigae. Nikipanda ngazi nilisimama kila hatua chache kama ajuza. Vidole vilikuwa baridi, kucha zimepauka. Nililala nikisikia moyo unapiga, unanyamaza, unanyamaza, halafu unapiga. Hapo kati ndipo pabaya. Katika kile kimya nilikuwa nahesabu watoto wangu kwa majina.

Bosi alikuja kutoka Riyadh. Aliniita sebuleni, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Halas, basi, Risba. Nenda kwenu upumzike. Tiketi ni juu yangu. Ukipona utarudi."

Nikasema ahsante, baba. Layan alikuwa kwenye zulia na rangi zake. Hakuinua kichwa.

"Baba, na Gladys ulimwambia hivyo," akasema.

Madam alisimama akaenda jikoni, na mimi nilijua sasa ninakokwenda. Nitapanda ndege, nitafika Kitale nikiwa na zawadi, mama atachinja kuku, na nitakufa kabla yeyote hajajua ninaumwa nini. Watauliza, watu watasema ni Arabuni, wamemroga huko. Watoto wangu watakua na hadithi hiyo. Nililia kwa jicho moja, lile jingine lilikuwa linatoa machozi lenyewe siku nzima hata bila huzuni.

Siku chache kabla ya safari, madam na Mama Kubwa walikwenda Makka na Layan kufanya umra. Waliniachia ruhusa nikanunue vitu vya nyumbani na Mwanaisha, kwa maana huwezi kurudi kwenu mikono mitupu hata kama unarudi kufa. Tukaenda Balad, soko la mji mkongwe. Nilitaka blanketi la mama na viatu vya watoto. Tulikuwa kwenye kichochoro kati ya zile nyumba kuukuu zenye madirisha ya mbao, watu wanapishana, Mwanaisha anabishana na muuza blanketi kwa ukali wa watu wa Mombasa. Nikasikia sauti yake inakwenda mbali. Nikatazama juu, nikaona mbingu imekuwa ndogo kama tundu la handaki. Sikumbuki kuanguka.

Mwanaisha ndiye aliyenisimulia. Anasema niligeuka rangi kama majivu, nikajikojolea, na kwa muda hakuona kifua kikipanda. Mchukuzi mmoja wa Kisudani alishusha marobota yake chini bila kuuliza ni ya nani, akanilaza kwenye mkokoteni, akasukuma mbio mpaka barabarani akipiga kelele, "Tariq! Tariq! Njia!" Huyo mzee sikuwahi kumwona uso. Mungu anamjua.

Hospitali walinibandika nyaya za kifuani. Mwanaisha akapiga simu ya madam, imezimwa. Akapiga ya Mama Kubwa, imezimwa. Ya bosi nayo imezimwa, yuko ndani ya ndege akirudi Riyadh. Daktari aliyeingia alikuwa mwanamke, Mtunisia, mwembamba, ana uchovu wa watu wa zamu. Alitazama karatasi ya moyo, akatazama mlango.

"Yuko wapi wa kumsemea?"

"Mafi," akasema Mwanaisha. "Hakuna mtu. Mimi ni mwenzake tu."

Daktari akavuta kiti, akakaa, akanitazama mimi. Ilikuwa ajabu. Nilikuwa sijatazamwa hivyo tangu niugue.

"Basi niambie wewe. Ilianzaje?"

Kiarabu changu ni cha jikoni, na mdomo wangu ulikuwa nusu. Nilisema, Mwanaisha akanyoosha. Uchovu, shingo, magoti, uso, moyo. Akauliza kama nina kisukari, kama kwetu kuna wagonjwa wa moyo. Hapana. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Kabla ya hapo ulikuwa wapi? Riyadh?"

Nilisita. Sikujua kama naruhusiwa kusema safari za mabosi. Mwanaisha akanifinya mkono. "Sema, mwenzangu. Moyo ni wako."

"Ufaransa," nikasema.

"Ufaransa? Ulifanya nini Ufaransa?"

"Niliendesha baiskeli."

Nesi akacheka, alidhani naweweseka. Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Mashambani? Kwenye majani?"

"Kwenye reli ya zamani. Tulikaa kwenye majani."

"Kuna mdudu alikuuma?"

"Hapana."

"Mwilini ulitokwa na kitu? Mduara?"

Mimi nilisema hapana tena, kwa sababu kwangu ule ulikuwa choa na choa kimepona. Ni Mwanaisha aliyejipiga paja. "Ee Mola! Choa cha goti!"

Daktari aliuliza ulikuwa mkubwa kiasi gani, Mwanaisha akaonyesha kwa vidole. Akauliza kama uliwasha. Nikafikiri. Choa huwasha mpaka unataka kujichuna. Ule haukuwasha hata kidogo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Akafunua mguu wangu, akainama na tochi. Ngozi ilikuwa safi. Hapo nikamweleza habari ya kile kidoa kama mbegu ya sukuma.

"Huyo ni kupe," akasema. "Kupe mchanga. Nilisomea Ufaransa, nimewaona wengi." Akaeleza polepole, Mwanaisha akitafsiri: kuna ugonjwa unaoitwa Laimu, kupe ndiye anayeuleta, unaanza na mduara, unaingia kwenye mishipa ya uso, kwenye viungo, na kwa wachache unaingia moyoni na kukata njia ya mapigo. Huku Saudia hawautafuti kwa sababu haupatikani huku. Damu itapelekwa maabara Riyadh, lakini hatasubiri jibu.

"Nina tiketi ya kwenda nyumbani," nikamwambia.

"Ukipanda ndege ile," akasema, "watakushusha umefunikwa."

Walinipitishia waya kwenye mshipa wa shingo mpaka ndani ya moyo, nikiwa macho. Unausikia unatambaa. Mwisho wake ulifungwa kwenye kijisanduku cha betri kilichoning'inia kando ya kitanda, na hicho ndicho kilichokuwa kikinipigia moyo ulipogoma. Dawa ikawa inaingia kwa dripu. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe: homa ilipanda, nilitapika nyongo, nilivaa nepi kama mtoto, na kila nikifumba jicho moja nilikuwa ndani ya lile handaki, taa zinawaka nyuma yangu moja baada ya nyingine. Sikukanyaga tena. Nilikuwa nimechoka. Nilisema, kama ni kunichukua, nichukue.

Madam alikuja na abaya ya safarini bado ina vumbi. Aliingia na hasira. "Kwa nini hukuniambia juu ya mdudu? Mimi ningejuaje?"

Daktari alikuwa anaandika miguuni pangu, akajibu yeye. "Ulimwuliza?"

Madam akawa mweupe ghafla, akanishika mkono kwa nguvu mpaka sindano ikauma. "Layan! Layan alikuwa pale!"

Walimleta mtoto siku hiyo hiyo. Wakamkagua kichwani, masikioni, kwapani, kila mkunjo. Hakuwa na kitu. Daktari akamwuliza alikaa wapi kwenye yale majani, naye akajibu kwa maringo, "Mimi sikukaa. Nilimkalia Risba." Madam aligeukia ukutani akalia, na mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu. Sikumwona hivyo kabla wala baada.

Jibu la damu lilirudi vile daktari alivyosema. Kidogo kidogo moyo ukaanza kukumbuka kazi yake. Asubuhi moja wakakizima kile kijisanduku, wote wakitazama mashine, na moyo wangu ukaenda wenyewe. Waya ukatoka. Jicho lilichukua muda zaidi. Siku lilipofumba nusu, Mwanaisha alipiga vigelegele wodini mpaka akafukuzwa. Safari ikafutwa, nikamaliza dawa, na baadaye nikarudi Riyadh kwa kazi nyepesi.

Nimepona, lakini sitawadanganya kwamba nimerudi nilivyokuwa. Nikicheka, upande wa kulia unachelewa. Magoti yanauma baridi ikija. Nyumba ikinyamaza mchana nawasha redio, kwa sababu kimya bado kinanitisha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule, na Mwanaisha, na mzee wa mkokoteni. Kwenu dada zangu, na kaka zetu madereva na walinzi, ninalo ombi. Ukiugua, usikubali kuwa friji. Hata kama madam anasema, nawe sema. Sema umetoka wapi, umelala wapi, umegusa nini, ngozi ilitoa nini hata kama ilipona. Usiache kitu kwa sababu unaona ni cha kipuuzi. Na ukienda kwenye majani ya nchi za watu, jikague nyuma ya magoti na kwapani, umwambie na mwenzio akutazame. Maombi yaendelee, lakini yasikuzuie kufungua mdomo kwa daktari.

Kuna jambo moja nimebaki nalo. Juzi nilikwenda kupimwa moyo hapa Riyadh, madam akanipeleka mwenyewe. Daktari, mwingine huyu, alimgeukia yeye kama kawaida. "Anajisikiaje?"

Madam akasema, "Muulize mwenyewe."

Nikajieleza yote, bila haraka. Nilipomaliza, sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema kwamba katika nyumba yetu kulikuwa na dada mwingine kabla yangu, anaitwa Gladys, aliugua akarudishwa kwao akafa, na yeye hakuulizwa na mtu alikuwa anaumwa wapi. Nilisema hivyo mbele ya madam, nikitazama sakafu, nikisubiri anikaripie.

Hakunikaripia. Bila kumtazama yeyote, aliinua mkono wake taratibu akauweka chini ya mbavu zake za kulia, akabonyeza.

"Hapa," akasema. "Alikuwa akishika hapa."